Glavu Iliyomwambia Subilaga Angoje

Glavu ilianza kazi kabla roboti hawajamaliza kujipanga. Warefu, waliobeba shabaha pana kama sinia, walisimama karibu; wafupi, wenye shabaha ndogo kama visahani vya chai, walitimka hadi mwisho wa uwanja, upande wa Mlima Loleza. Subilaga akainua bastola yake ya mwanga. Glavu ikamtekenya kiganjani: piga! Kisha ikamfinya na kumshikilia: ngoja, ngoja, sasa.

Chombo hicho kiliitwa kiongozamwendo, na Mbeya nzima ya wakati huo ilikuwa ikikizungumzia. Katika mashindano ya ulengaji, kupata tu hakutoshi. Alama hugawanywa kwa muda, kwa hiyo anayekawia bila sababu huumia sawa na anayekosa. Shabaha rahisi unaipiga chapuchapu, ngumu unaipa nafasi yake, na wengi huharibu wanapotoka na kasi ya moja na kuingia nayo kwenye nyingine. Kiongozamwendo kilisoma uwanja, kikasoma moyo na misuli ya aliyekivaa, kisha kikauambia mkono lini ukimbie na lini utulie. Ili kimjue vizuri, Subilaga alitakiwa kukivaa kutwa nzima, hata jikoni. Huko ndiko kilikoanza kumtia wazimu.

Asubuhi ile mumewe, Ambakisye, alikuwa amesimama mlangoni akijipapasa juu ya mdomo.

"Mke wangu, huoni kitu?"

"Naona. Umependeza," Subilaga alijibu, macho yake yakiwa kwenye picha za roboti zilizoelea juu ya meza. Glavu ikamfinya. Ngoja.

"Nimependeza nini?"

"Shati." Ikamfinya tena, safari hii kwa nguvu.

Ambakisye alicheka kidogo, akamtilia maparachichi mawili kwenye mkoba, akaenda zake kazini.

Na sasa, uwanjani, mambo yaleyale! Shabaha iko puani, hata kipofu angeipata, na glavu inamfinya angoje. Subilaga aliivua, akaenda kuitupa mezani kwa Mhandisi Lugano, mwanamama aliyeiunda.

"Dada Lugano, chombo chako kimeharibika. Kesho ni mchujo wa mwisho. Timu ya kwenda kushindana Mwezini imebakiza nafasi moja, na mimi nimeshaikosa mara mbili. Nikikosa tena, umri ndio umenipita. Kifute kumbukumbu, kianze upya."

"Kimeharibika vipi?"

"Kinaningojesha kwenye vitu vyepesi."

"Vyepesi kwa nani?"

Lugano alipunga mkono, na michezo yote ya Subilaga ikajitandaza hewani. Shabaha za mbali zilikuwa safi. Madoa mekundu, yaani alizokosa, yalikuwa yamerundikana kwenye zile za karibu.

"Umeona? Ukiwa hapa, macho yako yameshahamia kule," Lugano alisema. "Glavu haipimi umbali, dada yangu. Inapima kinachokushinda wewe."

Subilaga alitaka kubisha, akayatazama tena yale madoa. Iliuma. Miaka yote hiyo alikuwa akilaumu upepo, akalaumu roboti, na mwaka mmoja alilaumu jua.

"Haya, na nyumbani je? Mbona inanifinya hata jikoni?"

Lugano akainua mabega. "Huko mimi sikuwepo."

Kesho yake uwanja ulijaa. Mpinzani wake, binti mmoja wa Singida mwenye mkono mwepesi ajabu, alikuwa ameshamaliza na kuacha alama za kutisha. Kengele ikalia, roboti wakatimka. Kwenye shabaha ya kwanza, sinia lenyewe, glavu ikamfinya.

"Piga, mama! Unasubiri nini?" watazamaji wakapiga kelele.

Kidole kilimwasha. Macho yalikuwa tayari yanateleza kuelekea kwenye visahani, akayarudisha. Akalitazama lile sinia. Lilikuwa na duara dogo katikati, na rangi yake ilikuwa imebanduka pembeni; siku zote hakuwa ameviona. Sasa! Akapiga. Nyingine zikafuata, kila moja kwa mwendo wake, na ubao ulipowaka hakuwa amekosa hata moja. Alikuwa amempita yule binti kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Subilaga alipiga vigelegele, akamkumbatia roboti aliyekuwa jirani, na roboti akaomba samahani kwa kuwa njiani.

Aliirudisha glavu kwa Lugano, akaenda nyumbani akiwa anaongea tangu getini: Mwezini, mafunzo, mavazi ya safari, nani atamwagilia mboga. Ambakisye alikuwa jikoni na birika mkononi.

"Hongera sana, mke wangu. Nimefurahi mno. Chai?"

Hakukuwa na swali rahisi kuliko hilo. Jibu lilikuwa mdomoni, miguu ikielekea chumbani. Mkono ulikuwa mtupu, lakini kiganja kilikumbuka. Subilaga akasimama, akageuka, akamtazama mumewe usoni.

"Amba," alisema polepole. "Masharubu yako yako wapi?"

Ambakisye alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha cheko likamwishia, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Niliyanyoa Pasaka," alisema.

Nje, baridi ya Julai ilikuwa imeukamata mji. Subilaga alivuta viti viwili, akaketi kwenye kimoja.

"Weka hilo birika chini," alisema. "Njoo ukae hapa, nikuone."