Mama Alilala kwa Jina la Bulonza

Kwa miaka mingi nimesimulia habari hii kana kwamba ilimpata mama wa jirani yangu. Watu wakisikia husema, "Pole yake huyo jirani," nami naipokea pole kwa niaba yake, mnafiki mkubwa mimi. Leo naisema ilivyo. Mama alikuwa wangu. Aliyemlaza ndani ya ile mashine ni mimi, Placide, kwa mikono yangu hii.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano, mwaka 1998, hapa Bukavu. Vita ya kwanza ilikuwa imepita, ya pili hatujaiota. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia zote za mtaa wetu wa Kadutu zimejaa matope. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, huku akimsema jirani aliyemwaga maji machafu kwenye kizingiti chetu. Siku ya kawaida kabisa. Nikamwambia, "Mama, leo nakuomba kitu kidogo."

Nilikuwa msaidizi katika timu ya chuo kikuu iliyochunguza namna ubongo unavyozeeka. Profesa wetu, Gérard, alitaka kujua kwa nini mzee mmoja anasahau hata jina la mtoto wake, na mwenzake wa umri uleule anakumbuka nguo aliyovaa siku ya komunyo ya kwanza. Hospitali moja, sitaitaja, ilikuwa imepata mashine kuukuu kutoka Ubelgiji, inayopiga picha za ubongo vipande vipande, kama mtu anavyokata mkate. Mwanzoni mwa 1996 wazee ishirini walilala humo. Baada ya miaka miwili walipaswa kurudi walewale, wapigwe tena, ili picha za kwanza zilinganishwe na za pili. Kazi ya kuwatafuta ilikuwa yangu.

Sasa katikati ya picha hizo vita iliingia mjini. Nilizunguka hadi soli za viatu zikaisha. Wengine niliwapata Nyangezi, wengine Lwiro, wengine nilionyeshwa msalaba tu. Profesa alinipa namba yake ya mwisho: "Quinze, kumi na tano, Placide. Wakipungua hapo, hakuna tena kazi." Kazi ikikamilika, angenipeleka Ubelgiji kusoma. Nilikuwa nao kumi na wanne.

Wa kumi na tano alikuwa Koko Bulonza, bibi mmoja Mtembo wa Bunyakiri aliyekuwa akiishi hapa mjini. Habari zake nilizijua. Jirani aliyekimbia naye aliniambia kwa mdomo wake: bibi alianguka njiani, hajafika Hombo, wakamfunika kwa majani ya migomba wakaendelea kukimbia. "Hatukumuzika," alisema. "Risasi ilikuwa nyuma yetu." Basi nilijua. Nisingeweza kusema sikujua.

"Unataka nilale mule kwa jina ya mutu alishakufa?" mama aliniuliza, sombe bado mkononi.

"Ni karatasi tu, mama. Dakika kumi na tano."

"Na mwenye jina akisikia?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Fundi wa mashine aliitwa Élie. Kwa sababu vita ilikuwa imevuruga mafaili yote, alikuwa amejiwekea sheria yake: kila mzee ataje jina na kwao kwa kinywa chake mara tatu, kabla ya kuingia, katikati ya picha, na mwishoni. Mama alitaja la kwanza kwa aibu, akinitazama mimi: "Miye Bulonza, wa Bunyakiri." La pili lilichelewa. La tatu lilitoka ndani ya mashine kabla Élie hajauliza.

Na sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyetembea sana.

Ijumaa profesa alitundika picha zote mbili kwenye taa, ya 1996 na ya juzi. Upande wa kushoto wa picha ya kwanza palikuwa na doa jeusi, dogo kama harage, pale Koko Bulonza alipowahi kuanguka na kuumia. Kwenye ya pili doa lilikuwa palepale. Ukubwa uleule. Profesa alifurahi. "Mnaona? Mtu ni yuleyule, miaka miwili imepita, ubongo umenywea kidogo tu." Alipotoka, Élie alinivuta shati. Yeye alimfahamu mama, tulisali naye parokia moja, na siku ile ya mashine alinifichia.

"Placide," alinong'ona. "Ile kichwa haiko ya mama yako."

Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, na kuanzia siku ile hakula tena nami mchana.

Nyumbani mambo yalianza polepole. Nilimwita mama kwa jina lake, Agathe, kwa utani kama nilivyozoea, hakugeuka. Rozari aliyoisali kwa Kimashi tangu utotoni ilimpotea midomoni, akawa anaanza na kukwama. Halafu nikamsikia jikoni anaongea Kitembo. Mama yangu hakujua Kitembo hata cha kuomba maji. Aliongea vizuri, haraka, na mtu ambaye sikumwona, na mara kwa mara alinyamaza kungoja jibu.

Mchana mmoja nilimkuta amelala nyuma ya nyumba. Amejifunika majani ya migomba, mwili mzima. Sisi hatukuwa na mgomba. Miguu ilikuwa imevimba, nyayo zimepasuka, na alikuwa hajatoka uani wiki nzima.

Nilipomtoa majani usoni alinishika mkono kwa nguvu. Macho yalikuwa yake. Nawaambia, siku ile yalikuwa yake.

"Placide, mutoto wangu, utoe ile jina mule. Uende leo. Ningali ninakumbuka kidogo."

Ningeenda. Ilikuwa ni kumwambia profesa tu: Bulonza alikufa, nilidanganya, futa. Lakini ripoti ilikuwa inaondoka Jumatatu, na makaratasi yangu ya safari yalikuwa pamoja nayo. Nikamwambia, "Wiki ijayo, mama. Ripoti ikishaenda." Akaachia mkono wangu.

Hakuniita tena Placide.

Katikati ya mwezi wa saba alikuja mwanamume, kofia mkononi. Benoît, mwana wa Koko Bulonza. Vita ilimkuta Kisangani, na tangu arudi alikuwa akimtafuta mama yake. Hospitalini walikuwa wamemwonyesha orodha: Bulonza, amepigwa picha, mwezi wa tano, hai. Miaka miwili ya machozi, halafu karatasi yangu inamwambia hai! Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Papa, banasema weye ulimupeleka. Mama iko wapi?"

Nilifungua kinywa. Na kabla sijasema, mama yangu aliita kutoka ndani, kwa Kitembo, jina moja fupi. Benoît aliangusha kofia. Baadaye aliniambia ni jina alilopewa akiwa bado ananyonya, hakuna aliyebaki duniani wa kulijua.

Aliingia, akamwona, akarudi nyuma. "Huyu haiko mama." Lakini mama alimweleza waliyoambiana wakiagana stendi, siku anaondoka kwenda Kisangani, neno kwa neno, na Benoît akakaa chini sakafuni. Hapo ndipo nilipokiri yote. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Aliuliza tu, "Sasa huyu anataka nini?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Munipeleke kule nilibaki."

Tulipanda kamionete ya mizigo kesho yake asubuhi. Tulipita Bunyakiri. Kabla ya Hombo mama aligonga kioo, dereva akasimama. Alishuka bila kushikwa, akaingia porini, moja kwa moja, hatua kama mia. Akaonyesha kwa kidole. Chini ya majani yaliyooza palikuwa na mifupa.

Benoît aliikusanya peke yake, hakutaka nimsaidie. Tulichimba, tukamlaza, tukashindilia udongo. Alisali Baba Yetu. Mimi sikuwa nasali, nilikuwa namtazama mama. Njia nzima nilikuwa nimejiambia: yule akizikwa, wangu atarudi. Nikamshika bega.

"Mama. Ni miye, Placide."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefiwa.

"Aksanti, papa, kwa kunifikisha," alisema. "Na weye mama yako, mulimuzika wapi?"

Benoît alinijia, akafungua kiganja. "Nilisahau kukuonyesha. Ilikuwa katikati ya mifupa. Haiko ya mama, yeye hakuvalaka pete."

Ilikuwa pete nyembamba ya shaba. Kwa ndani ilikwaruzwa herufi mbili kwa msumari, na mwaka 1951. Mwandiko wa baba yangu, mwaka aliomwoa mama. Asubuhi ileile, nikimpandisha mama garini, nilikuwa nimeigusa kidoleni pake. Nikamshika mkono sasa. Kidole kilikuwa kitupu, laini, hakina hata alama ya pete, na ilikaa pale miaka arobaini na saba.

Nilijitupa juu ya lile kaburi nikaanza kufukua kwa kucha. Niliita, "Mama! Mama!" Udongo ulikuwa umeshashikana. Benoît alinikamata kiunoni akanivuta nyuma, naye mama alikuwa ameinama kando yake, anampangusa yeye, si mimi, matope kwenye suruali.

"Umuache, papa," Benoît aliniambia. "Mama amepumuzika."