Chui wa Chiriku

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Alfajiri ukungu ulitanda, kisha jua likachomoza likaufagia wote. Baba alikagua upepo wa magurudumu, Mama akapakia chupa za maji. Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haupumziki, alikuwa ndani ya gari kabla ya kuitwa.

"Na treni tutapanda kweli?"

"Ukiuliza tena nakuacha!" Baba alicheka.

Pamoja na Bibi na mdogo wake Chiriku, waliliacha gari kwenye stesheni ndogo, wakapanda treni inayokatiza mbuga ya wanyama. Familia ile ilikuwa na sheria yake safarini: anayemwona mnyama mpya ndiye anayekaa dirishani. Chiriku aliona twiga, akakaa. Mara mdogo wake akapiga kelele, "Tembo! Tembo na mtoto! Hama, dada!"

Chiriku akahama shingo upande. Treni ilipopinda kilimani, uvumilivu ukamwisha.

"Chui! Yule pale, juu ya mti!"

Bibi akainuka kama msichana. Tangu ujana wake alitamani kumwona chui, na sasa macho yalikuwa hafifu. "Yuko wapi, mjukuu wangu?"

"Pale... kwenye tawi."

Bibi akabana uso kiooni. "Namwona! Ee Mungu wangu, asante, hukuninyima." Machozi yakamlengalenga.

Chiriku alikaa dirishani, lakini kiti kilimchoma kama kaa la moto.

"Bibi," akasema taratibu, "hakukuwa na chui. Nilitaka kiti tu."



"Kumbe nimemshukuru Mungu kwa tawi!" Bibi akasema. Mdogo wake Chiriku akaangua kicheko, na Bibi naye akacheka. Kisha akamshika Chiriku mkono. "Siku hizi naona kwa macho yako, mjukuu wangu. Ukinidanganya, unanipofusha. Lakini umesema kweli bila kushikwa. Hapo umenirudishia macho."

Chiriku akampisha dirishani. Punde akaruka. "Nyati, Bibi! Kundi zima linavuka mto! Wa mbele pembe yake moja imevunjika!"

"Kweli?" Bibi akauliza.

Swali hilo lilimuuma Chiriku. Akasimama mbele ya Baba, Mama na mdogo wake, akapaza sauti kuishinda ngurumo ya treni:

"Kweli, Bibi. Na ninaahidi mbele yenu wote: kuanzia leo, nikisema nimeona, nimeona!"