Alama Kwenye Ganda la Yai

Yai lilipita chini ya kiandikamwanga, likamulikwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, likaendelea na safari yake juu ya mkanda likiwa na alama mbili za kahawia: msalaba upande wa juu, duara upande wa chini. Halikuguswa na mkono wa mtu. Nyuma yake likaja jingine, kisha jingine. Hivyo ndivyo Kituo cha Uzao jijini Dodoma kilivyofanya kazi katika miaka iliyofuata kideri cheusi, ugonjwa ulioua karibu kuku wote wa kienyeji nchini.

Alama zile zilikuwa na maana. Ndani ya kitotoleshi, mashine iliyoshika nafasi ya kuku anayeatamia, yai halipaswi kulala upande mmoja. Kiinitete kikikaa mahali pamoja hugandamana na utando wa ganda na kufa. Kwa hiyo roboti za kugeuzia zilisoma alama na kujua upande upi umetazama juu kwa muda gani. Zamani alama ziliwekwa kwa penseli, kwa kuwa wino hupenya kwenye vitundu vya ganda na kumdhuru kifaranga. Lakini mayai yalipoanza kuja kwa malori, penseli ilishindwa. Mhandisi Sekela Mwambije ndiye aliyeunda kiandikamwanga, mwale mwembamba uliounguza uso wa ganda tu, bila wino wala mkandamizo. Alikijaribu kwa mayai ya kuku wa kiwandani, vifaranga wakatoka karibu wote. Serikali ikampa nishani.

Asubuhi moja mlinzi alimpigia simu kutoka getini.

"Mhandisi, kuna mama hapa ametoka Tabora. Ana mayai. Nimemwambia yanapokelewa kwa posta ya droni, amekataa kuondoka."

Sekela alishuka. Mama yule alikuwa mtu mzima, amejifunga kitenge, amepakata kikapu kilichojaa pumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesema kuku wangu ni tasa?"

Jina lake lilikuwa Nyamizi Kasanda. Alikuwa na kuchi, wale kuku warefu wenye shingo tupu na macho makali, tetea mmoja na jogoo mmoja waliopona kideri ilhali mabanda yote ya jirani yalibaki matupu. Alikuwa ametuma mayai ya tetea huyo kituoni. Baada ya wiki mbili alipata ujumbe: mayai yote hayakuwa na mbegu.

"Nimefuga kuku tangu sijaolewa," alisema. "Nimemwona jogoo akimpanda. Nataka mtu aniambie kwa mdomo wake, siyo simu."

"Mashine ya kumulika haikosei mara nyingi, mama," Sekela alijibu kwa upole. Alieleza kwamba siku ya saba kila yai humulikwa, na lile lisiloonyesha mishipa ya damu huhesabiwa kuwa halikupata mbegu.

"Ulilivunja ukaangalia?"

Hakuna aliyekuwa akivunja mayai. Yaliyokataliwa yalihifadhiwa kwenye jokofu kwa muda kabla ya kuteketezwa, na ya mama Nyamizi yalikuwa bado humo. Alimkaribisha mama Nyamizi ofisini, akaagiza trei ya mayai yake iletwe, kwa nia ya kumwonyesha na kumaliza shauri.

Alilipasua la kwanza kwenye bakuli. Juu ya kiini kulikuwa na doa jeupe, na kulizunguka doa hilo pete ya damu nyembamba kama uzi. Yai lisilo na mbegu halina pete. Kiinitete kilikuwa kimeanza kukua, kikafa mapema kabla mishipa haijatanda, na kwa mwanga wa mashine yai hilo halikutofautiana na lililokosa mbegu.

Alipasua la pili na la tatu. Pete, pete. Akachukua ganda na kulitazama kwa kioo cha kukuzia. Chini ya msalaba, upande wa ndani, utando ulikuwa umebabuka. Ganda la kuchi huyu lilikuwa jembamba kuliko la kuku wa kiwandani, na kiinitete siku zote huelea upande wa juu, pale pale mwale ulipopiga.

Sekela aliketi. Angeweza kusema kwamba uchunguzi unaendelea. Lilikuwa jibu la kawaida, na lingempa muda.

"Kuku wako hakuwa tasa," alisema. "Mayai yalikuwa mazima. Mashine yangu ndiyo iliyoyaua."

Mama Nyamizi aliliangalia bakuli. "Sheria inasema kuku asiyezalisha hana kibali cha kufugwa," alisema polepole. "Bwana mifugo alikuja na karatasi yenu. Nikawachinja mwenyewe, yeye na jogoo wake. Sikutaka mgeni awachinje. Nyama sikuionja."

"Na haya ya kwenye kikapu?"

"Ndiyo ya mwisho aliyotaga."

Yalikuwa manne. Sekela alinawa mikono na kuikausha vizuri ili isiache mafuta kwenye ganda. Akatafuta penseli jengo zima, akaipata kwa fundi seremala, akaisugua ncha mpaka ikawa butu. Akaandika msalaba na duara kwa mkono mwepesi, karibu bila kugusa. Mama Nyamizi alimshikia mayai moja moja.

Mkurugenzi, Bwana Kihwele, aliposikia alifunga mlango kwanza.

"Mayai ya kienyeji yaandikwe kwa penseli, sawa. Nitakutafutia watu. Lakini hao waliokwishapewa majibu, Sekela, tukiwaambia leo itasaidia nini? Wengi wameshachinja."

"Wengine bado hawajachinja."

"Na waliochinja?"

"Wanajilaumu kwamba walifuga kuku tasa. Nitawapigia mimi."

Aliwapigia. Wengine walimtukana, wengine walimshukuru kwa sababu kuku wao bado alikuwa hai. Mzee mmoja wa Singida aliuliza kama ana uhakika, akakata simu kabla hajajibiwa. Nishani alikuwa ameirudisha wizarani bila maelezo marefu. Katikati ya simu hizo alikwenda kuyageuza mayai manne kwa mkono, kwa kuwa hakutaka roboti iyaguse.

Mawili yaliviza. Mawili yalianguliwa. Mama Nyamizi, aliyekuwa amepanga chumba karibu na kituo, aliwatazama vifaranga kupitia kioo wakiwa bado wamelowa, wakijaribu kusimama kwa miguu yao mirefu. Alirudi Tabora kungoja wakue.

Vilemba vyao vya nyama vilipoanza kuota kichwani, Sekela alichelewesha simu kwa siku kadhaa. Hatimaye akapiga.

"Mama, wote wawili ni majogoo. Tetea hakuna. Tunaweza kuwapandisha kwa kuku wengine, lakini kuchi kamili hatutampata tena."



"Watawika?" mama Nyamizi aliuliza.

"Watawika, mama."

"Basi mmoja mbaki naye kwa kazi yenu. Mwingine niletee. Hapa kwangu kunakucha siku hizi, mwanangu, hata sijui kama kumekucha."