Pemba ya Mama Georgette

Kwanza Georgette aliona kikwembe. Mama yake hakukifunga tena kiunoni. Alikifunga juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua. Georgette alikuwa mtoto wa kwanza, mwenye haya nyingi na maneno machache, kwa hiyo hakuuliza. Alipika uji, akawanawisha wadogo zake, akaenda shule.

Kutapika kwa asubuhi kulikuwa kumekwisha. Lakini mama alipofagia uwanja, alisimama mara kwa mara akashika ukuta na kuhema. Mayai ambayo baba alileta akirudi kutoka kiwandani Shituru hakuyagusa, maana majirani walisema mtoto atazaliwa bila nywele. Alitafuna pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni Kikula.

"Kaninunulie ingine," alimwambia Georgette. "Na mtu asijue."

Siku moja mama alianguka karibu na bomba la maji. Baba alikuwa kazini, basi Georgette akamsindikiza hadi zahanati. Muuguzi Albertine alimfunua mama kope, akaguna.

"Damu ni kidogo. Unakulaka nini, Mama Georgette?"

"Bukari ya mahindi, majani ya sombe, samaki. Byote."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Mama alimkanya Georgette kwa macho. Wanawake wengine walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi. Akisema, mama atapata aibu. Akinyamaza, mama atarudi nyumbani kuanguka tena.

"Na pemba," alisema polepole. "Kila siku. Minye njo namununuliaka sokoni. Na mayai anakatalaka."

"Aa! Mbele ya mutoto huyu usiibe hata chumvi!" mwanamke mmoja alisema, na benchi zima likacheka.

Albertine hakucheka. "Mwacheni, amefanya vizuri. Mama, huu ni mwezi wa tano. Njaa itaongezeka, mgongo utauma, utamsikia mtoto akicheza tumboni. Hayo ni ya kawaida. Kuanguka kwa kizunguzungu si kawaida. Udongo huo unazuia mwili wako kupata chuma kilicho katika chakula."

"Chuma kama cha reli?" Georgette aliuliza, akajishangaa.

"Kidogo sana, lakini damu haitengenezwi bila hicho. Kiko katika samaki, maharagwe na mboga. Na mayai yanamjenga mtoto. Minye nilikula mayai mimba zote, na nywele za watoto wangu zinavunja vitana!"

Hata mama alicheka. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaacha pemba, akarudi kupimwa kama alivyoambiwa. Taratibu nguvu zikamrudia.

Alasiri moja, walipokuwa wakichambua sombe, mama aliushika mkono wa Georgette akauweka tumboni. Kitu kikapiga teke.

"Siku ile nilikukasirikia," mama alisema. "Nilikosa. Siri inayomdhuru mtu usiitunze, mwanangu, hata kama ni mkubwa aliyekupa. Mwambie anayeweza kusaidia."

Georgette hakuuondoa mkono.

"Mama," alisema, "niliogopa utakufa."