Nati Haitaki Nyongeza

Mwaka 1998 tulikaa ng'ambo, mji wa Adelphi, mimi na binti yangu Irene. Mama yake, Adela, alifariki akingoja karatasi ya bima ambayo mkubwa mmoja hakuitia saini. Tangu hapo siwaamini wakubwa.

Irene alipata kazi hospitalini Gaithersburg. Aanze Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Wanaopanga mabasi saa hizo wamelala, kwa hiyo basi hakuna. Gari letu ni moja tu, Foksivageni ya mwaka 1966, ile ya mgongo wa kobe. Lisipowaka, kazi imekwenda.

Jumamosi nilikuwa namalizia injini. Nilikaza nati za silinda hedi, kile kifuniko cha silinda, kwa spana ya kipimo, niliyoazima kwa dereva wa lori. Spana hiyo ina namba kwenye mpini. Unaweka namba, unakaza, nguvu ikitosha inalia ta. Ilipolia, mimi niliongeza kidogo, kama muuza nyanya anavyoongeza moja juu ya fungu.

Nati ya tatu ikalegea mkononi. Nikaivuta, ikatoka na stadi yake, ile fimbo ya chuma inayoishika. Hesi zote, ile mizunguko iliyochongwa ndani ya tundu lake, zilikuwa zimeng'oka.

Jirani yetu Yohan alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Huyu ni mtu wa Bukavu, alitengeneza magari ya misheni miaka ishirini.

"Papa Irene," akasema, "unakaza injini ao unafunga ng'ombe?"

"Spana imelia, nikaweka nyongeza."

"Aa, matabishi. Kwetu tunapewa matabishi ya mchele. Nati haiombi matabishi. Hii chuma ya injini iko laini sana." Akaishika ile spana. "Na hii inaanzia thelathini. Ni ya magurudumu ya lori. Kitabu cha gari kinasema ngapi?"

"Tatu nukta mbili. Wakubwa wa Ulaya wameandika kitu kisichokuwepo kwenye spana, nikaweka namba ya chini kabisa."

"Wakubwa hawana kosa leo. Wao wanapima kwa kilo na mita. Spana ya hapa inapima kwa pauni na futi. Zidisha mara saba na robo, hivi."

Irene alikuwa mlangoni akitusikiliza. Huelewa Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akapiga hesabu kichwani. "Twenty-three, Baba."

Ishirini na tatu. Mimi nilianzia thelathini, na nyongeza juu.

Yohan akatupeleka Wheaton, duka la vifaa. Muuzaji akatutolea spana ndefu kama mkono wangu.

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote," akasema.

"Hatutafuti kubwa," Yohan akajibu. Akanigeukia. "Chagua ile ambayo namba yako inakaa katikati. Mwanzoni kabisa haipimi vizuri, na mwishoni kabisa vilevile. Na soma maandishi. Ikiandikwa pauni na inchi, ni kipimo kingine. Futi moja ni inchi kumi na mbili."

Nikapekua mwenyewe. Nikapata fupi, ya kumi hadi hamsini, pauni na futi. Yohan akaichukua, akaiweka mezani kwa muuzaji. Nikajua nimepatia.

Nyumbani Yohan alilichimba lile tundu likapanuka, akatia bushi, kibomba kifupi cha chuma chenye hesi mpya za kushika stadi. Mimi nikasafisha hesi za stadi zote. Nikazikaza nati kidogo kidogo, kwa kupishana, upande huu na ule. Kisha nikaweka ishirini na tatu. Ta. Mkono ukataka kuongeza.

"Papa Irene."

"Nimeacha."

"Umeacha, lakini bado unaivuta kwa macho."

Irene akacheka mpaka akakaa chini. Nikamaliza nati zote nane za upande ule, kisha nikafungua za upande wa pili, nilizokuwa nimezikaza kwa spana ya lori, nikazikaza upya. Hakuna iliyolegea. Spana nikairudisha kwenye namba ya chini kabla ya kuihifadhi, maana Yohan alisema springi ikikaa imebanwa, kipimo kinadanganya.

Jumapili injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Haikuvuja hata tone.

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi simu ililia.

"Umefika?" nikauliza.

"Nimefika, Baba," akasema, kwa Kiswahili. "Nimeshavaa sare. Usinipigie, niko kazini."