Hatua ya Hamsini

Saa nne asubuhi stendi ya Singida hakuna mtu anayemsikiliza mwenzake. Wapiga debe wanaita Arusha, wanaita Mwanza, wauza kuku wanagonga madirisha ya mabasi, na upepo unanyanyua vumbi na kulitia kwenye chai ya kila mtu bila ubaguzi. Ukitaka kumpenda mtu, hapa si mahali. Lakini watu hupendana hapo hapo walipo, wafanyeje.

Calist alifika kwenye dirisha la tiketi akiwa hoi. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi anafuata kifurushi cha vipuri kilichotumwa na basi kutoka Dar. Alikuwa fundi wa simu na gemu, miaka thelathini na mmoja, shati lina vitundu vya moto wa kulehemu, shingoni kananing'inia kalenzi ka kukuzia ambako husahau kukavua.

Nyuma ya dirisha alikaa Emiliana, mkata tiketi. Fulana ya kampuni ilimzidi, juu yake kavaa sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote kwa baridi ya Julai, na nywele kazisuka mistari minene ya kudumu mwezi mzima, maana nafasi ya kwenda saluni hana. Tangu alfajiri alikuwa anajibu swali lile lile kwa sauti iliyokwisha kukauka. Hakuinua uso. Chini ya meza alishika gemu ya mkononi, ya bluu iliyopauka, na dole gumba lake lilikuwa kazini.

"Habari za kazi, dada."

"Basi halijafika, kaka. Nilishakuambia."

"Sijauliza basi. Batani yako ya kushoto inakwama. Naisikia kutoka hapa."

Emiliana akainua uso. "Unasikia batani kwenye kelele hizi?"

"Ndiyo kazi yangu. Imeingia vumbi, inachelewa kurudi. Ndiyo maana unaanguka."

"Nani kakuambia naanguka?"

"Uso wako."

Alitaka kukasirika, akakuta hata nguvu ya kukasirika hana. Akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza wiki ile.

Kibanda cha Calist kilikuwa karibu na soko, umbali wa dakika tano. Siku ya pili, muda wa chakula, Emiliana alikuja na gemu yake, lakini alipoambiwa aiache akaikumbatia.

"Siiachi. Niko hatua ya hamsini, ya mwisho. Nina miezi minne hapo."

Ilikuwa gemu ya kajitu kenye mzigo mgongoni kanakopanda mlima. Hatua hamsini, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia, na juu kabisa kuna nyumba yenye taa. Hiyo nyumba Emiliana hajawahi kuifikia. Kila mchana alicheza dakika kumi na tano, akaanguka, akarudi kukata tiketi.

"Basi kaa ucheze hapa," Calist akamwambia, akampisha kiti chenye mto. "Mimi nitakusikiliza unavyoanguka."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Yeye anacheza, fundi analehemu, na katikati yao chips kavu kwenye sahani moja. Calist alikuwa na daftari la jalada jeusi. Kila mteja wa gemu alimuuliza: kifaa hiki ungetaka kiwe na nini? Kisha akaandika. Kuna dereva aliyetaka betri itakayofika Dar bila kuchajiwa. Muuza vitunguu alitaka kioo kinachoonekana juani. Mwalimu mmoja alitaka kiwe chepesi, mikono yake inakufa ganzi. Watu kumi na wanane walitaka kitu kimoja, vumbi lisiingie. Na Mama Agripina, mwenye watoto wawili wasiopatana, alitaka sehemu mbili za kusevu pale mtu alipofikia, maana iko moja tu na kila siku mmoja anamfutia mwenzake.

"Siku moja nitaunda ya kwangu," Calist alisema, kisha akapiga miayo. "Siku moja ambayo sijachoka."

"Nyie watu wa Itigi mmezoea kusubiri treni, hamna haraka."

"Treni huwa inafika, mama. Inachelewa tu. Na wewe, ungetaka iwe na nini?"

Emiliana alifikiri. "Sijui. Nikijua nitakuambia."

Jioni walipigiana simu, Emiliana akiwa chumbani kwake Mandewa miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto.

"Umekula, mpenzi wangu?"

"Nimekula. Uongo. Nimechoka kupika."

"Nije nikupikie?"

"Ukija nitakuwa na wa kumfulia soksi. Baki huko huko."

Mapenzi ya watu waliochoka hayana mbwembwe. Unamwambia mwenzako mgongo unauma, naye anakuambia wa kwake pia, na moyo unatulia. Mwezi wa tisa ulipoingia, Calist alikwenda kwa baba yake mdogo, mzee Mazengo, akamshika miguu, akamwomba aandike barua ya posa. Mzee akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani, akapanga kuipeleka Jumamosi kwao Emiliana, Kiomboi. Emiliana mwenyewe hakuambiwa. Calist alitaka iwe ghafla, afurahi.

Wiki hiyo hiyo Emiliana aliweka gemu juu ya meza ya kibanda, akaisukuma kwa kidole.

"Nakuachia. Kesho nipe batani nzima, niimalize."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuachiwa kitu hicho, wala dada zake.

Calist aliifungua, akaipuliza, akaisafisha kwa spiriti, akabadilisha kiraba cha chini. Halafu akaijaribu, maana fundi hakabidhi kitu bila kukijaribu. Batani ikaitika safi. Kajitu kakaruka shimo la kwanza, la pili, la tatu. Angeweza kuacha hapo. Lakini mkono wa fundi ukishaanza kazi haujui kuishia njiani, na mpenzi wake amechoka, miezi sita anaangukia mahali pamoja. Acha nimtue mzigo, alijiambia. Baada ya nusu saa kajitu kakafungua mlango wa nyumba yenye taa, na gemu ikajisevu yenyewe, pale pale, juu ya kila alichokuwa nacho Emiliana.

Mchana akampa akitabasamu. "Washa."

Aliwasha. Akaona nyumba, kajitu kamekaa barazani, mzigo umewekwa chini.

"Nimekumalizia," Calist akasema.

Emiliana alitazama kioo. Kisha akaiweka gemu mezani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akafunga vifungo vya sweta, akaondoka. Chips zake hakuzigusa.

Jioni simu ililia mara sita ndipo akapokea.

"Emi, nimekosa nini? Nilitaka upumzike."

"Nilikuomba nipumzike?"

"Ulikuwa umechoka, mpenzi."

"Nimechoka, ndiyo. Calist, nilipomaliza kidato cha nne, baba yangu mdogo alinijazia fomu ya chuo. Alisema ananisaidia. Nikaenda kusoma nisichokitaka, nikashindwa, wakasema Emiliana mvivu. Chumba hiki nilitafutiwa na dada. Kazi nilitafutiwa na shemeji. Kila mtu ananimalizia. Kajitu kale ndicho kitu pekee nilichokipandisha kwa mikono yangu, na ulijua sehemu ya kusevu ni moja. Umeandika mwenyewe kwenye daftari lako."

Ni kweli, aliandika.

"Uliniuliza ningetaka iwe na nini," Emiliana akaendelea, sauti imekauka kama ya dirishani. "Sasa najua. Isikubali mkono wa mtu mwingine mpaka mwenyewe niseme. Usiku mwema."

Alfajiri ya Jumamosi Calist alimkuta mzee Mazengo ameshavaa koti, barua iko mfukoni.

"Shikamoo, baba. Naomba tusiende."

"Marahaba. Amekukataa?"

"Sijamuuliza bado. Ndiyo tatizo."

Mzee alimtazama, akavua koti, akampa barua. "Vijana mnachosha," akasema, akaenda kulala tena.

Wiki tatu zikapita bila simu. Calist alilehemu, akaunguza vidole, akala peke yake. Mara nyingi alishika ile gemu. Alijua kuifuta na kuanza upya, angefika hatua ya hamsini kwa siku kumi, amrudishie pale pale alipomtoa. Ilikuwa kazi rahisi, na kila siku mkono ulimwasha. Hakuiwasha hata mara moja.

Ilipofika wiki ya nne akavaa shati lisilo na vitundu, akaenda stendi, akapanga foleni kama abiria.

"Unakwenda wapi?" Emiliana akauliza bila kuinua uso.

"Siendi popote. Nimeleta mali yako."

Akaipitisha dirishani. Emiliana aliiwasha. Nyumba, taa, kajitu barazani, vile vile.

"Nilidhani utakuwa umenirudishia hamsini yangu."

"Nilitaka. Lakini ningeipanda mimi, ingekuwa yangu tena. Nimekuharibia, Emi, na siwezi kutengeneza. Nisamehe."

Nyuma yake mama mmoja mwenye matenga akauliza kama watu wanakata tiketi au wanaungama. Calist akatoa bahasha.

"Na hii. Ilikuwa iende kwenu Kiomboi bila wewe kujua. Niliizuia mlangoni. Nataka kukuoa. Nilitakiwa nikuulize wewe kwanza."

Emiliana alisoma jina la baba yake juu ya bahasha. Macho yalimlowa, akayafuta kwa mkono wa sweta, akasema ni vumbi. Kisha akabonyeza gemu, akashikilia, na nyumba yenye taa ikapotea. Kajitu kakasimama chini ya mlima, mzigo mgongoni.

"Nikifika hamsini nitakujibu," alisema, akaitia bahasha kwenye pochi. "Sasa wapishe wanaosafiri."

Kuanzia hapo alirudi kibandani kila mchana. Calist akalehemu akiwa amempa mgongo, kwa sababu akitazama vidole vinamwasha. Alisikia kajitu kakianguka hatua ya saba, ya kumi na tisa, ya thelathini na mbili, akaendelea kulehemu bila kugeuka. Siku moja Emiliana aliangukia mahali pamoja mara kumi na moja, akalia kwa uchovu, naye akamsogezea maji ya kunywa, gemu hakuigusa. Hiyo, nawaambia, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya kwenye kibanda kile.

Novemba, mvua za kwanza zimelilaza vumbi, simu ya Calist ikalia saa tano asubuhi.

"Mpenzi, niko hamsini."

Calist akaweka chuma cha kulehemu chini. "Umeshafika juu?"

"Hapana. Nimeisevu hapo hapo. Nitapanda nikirudi, na wewe uwe umekaa pembeni yangu. Mikono mfukoni."

"Mikono mfukoni. Ukirudi kutoka wapi?"

Kwenye simu alisikia konda akigonga bati, na injini ikinguruma.

"Niko kwenye basi la Kiomboi. Leo nimejikatia tiketi mwenyewe. Barua ninayo."

"Emi, barua ya posa hapeleki binti. Mzee Mazengo atasema nini?"

"Mwambie asivae koti," Emiliana akasema. "Hii naipeleka mimi."