Maji Yaliyopanda Kilima

Jua lilikuwa linazama Baba Kinda alipoegesha gari kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Akavuta breki ya mkono, akachukua spana na tochi. Maji yalikuwa yanavuja tena.

Gari lenyewe lilikuwa basi kuukuu. Alilitoa viti kwa mikono yake, akaligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko na sinki katikati, tangi la maji chini ya kitanda, jenereta kwenye buti. Ufundi bomba ndio uliomlea tangu ujana, kwa hiyo kila koki aliifunga mwenyewe. Walipanga kusafiri watatu. Kisha mto ukamchukua Kinda, mtoto wao wa pekee, wakasafiri wawili, kwa sababu dada wa mkewe alisema, "Shemeji, mtoe huyu kwenye nyumba ile. Atatufia na yeye." Majirani walikuwa wameanza kuona haya kuwaita Baba Kinda na Mama Kinda. Wao wenyewe hawakuacha.

Alilala chali chini ya sinki, akapapasa viungo vyote vya bomba. Vikavu. Mpira wa koki mpya, tepu ya kuzibia mpya, hata bomba lenyewe jipya. Lakini mgongo wake ulikuwa umelowa chapachapa.

Jenereta ikakohoa. Ikazima.

Akatoka nje. Mafuta tele, plagi safi, oili ipo. Alivuta kamba, ikanguruma bila ubishi. Alipokanyaga tu ngazi ya mlango, ikazima tena. Kila magharibi ilikuwa ndiyo hadithi hiyo hiyo.

"Iache, Baba Kinda," mkewe akasema kutoka kitandani. "Giza halijamla mtu."

"Na haya maji?"

Mkewe alikohoa, kikohozi cha majimaji kilichomwanza tangu waanze safari. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Madaktari wa njiani walimpima kifua, wakaona hana kitu.

Baba Kinda akachovya kidole sakafuni, akanusa.

Tope. Majani yaliyooza.

Ndivyo zilivyonuka nywele za Kinda, siku ile alipombeba kutoka mtoni.

Akafunga koki ya tangi. Akafungulia mabomba yote hadi yakatoa upepo mtupu. Akasikiliza.

To... to... to...

Chini ya kitanda.

Akapiga magoti, akamulika. Nyuma ya tangi palikuwa na dumu la manjano lililofunikwa kitambaa. Pembeni mwa dumu palikuwa na alama za nyayo. Ndogo. Mbichi.

Tochi ikafifia, ikafa.

"Mama Kinda," akanong'ona. "Hili dumu lina nini?"

"Usinifokee."

"Sifoki. Niambie."

"Kuna bibi mmoja nilipelekwa kwake. Akaniambia, chota maji yaliyomchukua mwanao, lala nayo, usimwashie taa. Atakuja."

"Na... anakuja?"

"Kila magharibi. Ana baridi, mume wangu. Nampulizia pumzi kidogo apate joto."

Hapo ndipo alipokielewa kile kikohozi. Mkewe alikuwa anaugawa uhai wake kijiko kwa kijiko.

"Nikiyamwaga?"

"Utakuwa umemzika mara mbili."

Akakaa sakafuni. Hasira ilimjia, lakini haikupata pa kukaa. Yeye angeambiwa hivyo, angekataa?

Mkono ukaingia kwenye kiganja chake. Mdogo, wa baridi, umelowa.

Hakuhitaji taa kuujua. Aliushika, akaubana shavuni, machozi yakamtoka. Kwa muda ule mfupi hakukuwa na mtu duniani aliyebarikiwa kumzidi.

"Baba," sauti ikasema, kama ya mtu mwenye maji mdomoni. "Mama amesema tutaondoka naye."

"Lini, mwanangu?"

"Sasa hivi."

Kitandani, kikohozi kilikuwa kimekoma. Pumzi nazo zilikuwa zimekoma.

Baba Kinda alilivuta dumu, akakimbia nalo nje huku kitu kikimning'inia mguuni. Akang'oa kifuniko, akaliinamisha.

"Baba! Baridi!"

"Nenda, mwanangu," akalia. "Nenda ukapumzike. Mama niachie... niachie mama."

Aliendelea kumimina hadi tone la mwisho. Mguu ukawa mwepesi. Jenereta ikanguruma yenyewe, taa zikawaka madirishani, na ndani mkewe akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka vilindini.

Lakini maji hayakuzama kwenye vumbi.

Yalijikusanya, yakawa mstari mwembamba. Yakaivuka lami. Yakaanza kupanda kilima, taratibu, kwa njia ile ile waliyokuja nayo.

Mama Kinda alisimama mlangoni akiyatazama. Hakumlaani mumewe. Alisema tu, "Anarudi nyumbani. Na nyumbani hakuna wa kumfungulia."

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa jirani yao, mama anayewatunzia ufunguo.

"Mlisahau bomba wazi? Maji yanatoka chini ya mlango wenu."

"Nilifunga mita ya maji kwa mkono wangu," Baba Kinda akamjibu.

"Basi nani yuko humo ndani? Nimegonga, na mtu akagonga kunijibu. Amegongea chini, usawa wa kiuno changu."

"Usifungue," Baba Kinda akasema. "Tafadhali. Tunakuja."

Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Rangi ilikuwa imemrudi midomoni, anapumua vizuri. Mapajani alikuwa na sweta la mtoto.

"Ukimwona," mumewe akamuuliza polepole, "utampulizia tena?"

Mama Kinda hakumtazama. Alikuwa anakunja mikono ya lile sweta, mmoja, halafu mwingine.

Baba Kinda akawasha gari, akaligeuza.